Fundi wa Ukuta wa Mama Limi

Watu waliokaa nyuma ya stesheni ya Shinyanga walikuwa na maneno mengi juu ya Klara, na mengi yalikuwa ya kweli. Walisema anagombana hata na kuku. Walisema akienda dukani kwa Mansukhlal kununua chumvi, hurudi nayo kesho yake kumwonyesha kwamba ina mchanga. Lakini hao hao ndio waliokwenda kugonga mlango wake mtoto akishikwa na degedege, na mwaka wa njaa walikunywa uji wake bila kuuliza unga umetoka wapi. Mimi nampenda hivyo hivyo na kelele zake, kwa hiyo anayetaka kusikia akisemwa vibaya atafute msimulizi mwingine.

Mumewe, Baba Limi, alikuwa kibarua wa reli, mmoja wa wale walioshindilia kokoto chini ya mataruma. Jioni, kazi ikiisha, alifyatua matofali kwa mikono yake: matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa na jua tu. Wakajenga vyumba viwili na ukumbi, wakaezeka bati, na kabla hajamaliza kulisifia bati lake homa ikamchukua. Klara akabaki na binti mmoja, Limi, na nyumba.

Kaka yake mkubwa, Donatus, mwenye ng'ombe wengi kule Segese, alitaka kumchukua tangu siku ya arobaini. "Mwanamke hakai peke yake mjini na treni," alisema.

"Treni haijawahi kuingia ndani kwangu," alijibu Klara.

Klara alimwachia kaka yake Limi amlee, maana kule kulikuwa na maziwa. Yeye mwenyewe hakwenda. Alijua maisha yanayomngoja Segese: angekuwa shangazi wa pembeni, wa kulala chumba cha mahindi na kuulizwa kila asubuhi na wake za watoto wa kaka yake kama ameamka salama. Hapa alikuwa Mama Limi mwenye mlango wake. Akitaka kuufunga, anaufunga.

Sasa habari ya ukuta. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hapo siwezi kumtetea. Mansukhlal alipiga duka lake lipu ya saruji, laini hata nzi akitua anateleza, na Klara alipoiona akakosa usingizi. Akamwita Herman, kontrakta mwenye penseli nyuma ya sikio, akamwambia anataka ukuta wa upande wa mvua, ule wa chumba chake cha kulala, uwe kama wa Mhindi.

"Mama, duka la Mansukhlal ni la matofali ya kuchoma," Herman alisema. "Nyumba yako ni ya udongo."

"Kwani na pesa yangu ni ya udongo?"

Herman alikuwa mtu wa amani. Akachukua pesa, akapiga saruji. Kiangazi chote ukuta uling'aa, na Klara aliupapasa kila alipopita, kama mtu apapasavyo shavu la mjukuu. Mvua zilipokuja, maji yakapenya juu chini ya bati, yakashuka kati ya saruji na tofali, na kwa kuwa saruji haikuwapa njia ya kutoka, yakakaa humo humo yakigeuza tofali uji. Mchana mmoja gamba lote likaanguka, kipande kikubwa kama mlango, likamuua kuku mmoja na kumtoa Klara mbio jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Majirani walikuja kutazama, na kila aliyekuja alimwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliisikia methali hiyo mpaka akataka kumpiga mtu. "Ufa niliuziba," aliwajibu. "Niliuziba kwa simenti."

Masika yakapita hivyo hivyo, ukuta ukifunikwa magunia. Kiangazi kilipofika bwana afya naye akaja na fimbo yake. Akaichomeka ukutani, ikazama. Akasema neno moja tu, na hakulisema kwa ubaya: mvua zijazo zikiukuta ukuta huu haujasimama sawasawa, hataruhusu mtu kulala humo, na nyumba itabomolewa kabla haijamwangukia mtu. Habari zikafika Segese upesi kuliko barua. Donatus akatuma jibu kwamba mawingu ya kwanza tu yakikusanyika, anakuja na lori kuchukua vyombo.

Basi Klara akaanza kutafuta fundi, na mafundi wa Shinyanga wakaanza kujificha. Kukandika nyumba alijua tangu utoto. Kwao udongo wa ukutani ni kazi ya wanawake, na mama yake alikuwa akiitwa vijiji vya mbali kukandika nyumba za maharusi. Lakini huu haukuwa wa kukandika tu. Ulihitaji paa lishikizwe kwa magogo, matofali yaliyooza yatolewe na mapya yaingizwe, na bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kugoma. Kila fundi aliyekuja alipewa mtihani: bonge la tope, na amri ya kulirusha ukutani, huku Klara amesimama kando ameinamisha kichwa anasikiliza. Tope lililokubaliana na ukuta hushika kwa sauti nzito, alifundishwa hivyo na mama yake, na lisilokubaliana hulia kama kofi. La mmoja likalia kama kofi. Mwingine akakataa mtihani, akasema yeye si mtoto wa shule. Wa tatu akashauri saruji tena, safari hii nene zaidi, naye alifukuzwa mpaka relini. Herman akimwona Klara kwa mbali alivuka barabara.

Miezi ikaenda. Upepo wa vumbi ukaanza, ule unaotangulia mvua, na ukuta bado ulikuwa wazi.

Ndipo akaja kijana mrefu, kofia mkononi, mfuko wa vyombo begani. Alisimama mbali kidogo na mlango, akaelekeza macho kwenye bati.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Bati halina neno, baba. Shida iko huku chini."

"Nimesikia mnatafuta fundi."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa kwenu Segese."

"Unaitwa nani?"

"Valerian, mayu. Nimejenga nyumba za wafanyakazi wa mgodini, kule Geita."

Akapewa tope. Akalinusa kwanza, akaongeza maji kidogo, akalirusha. Lilishika kwa sauti nzito, nalo likatulia. Klara alifumba macho kwa raha.

Sitaki kumficha msomaji jambo ambalo Klara hakulijua, kwa hiyo nalisema sasa. Huyu alikuwa mkwe wake. Valerian ni jina lake la ubatizo; nyumbani kwao aliitwa Mihayo, naye ndiye mume wa Limi. Na kama unashangaa mtu anawezaje kusimama mbele ya mkwe wake asimtambue, basi hukulelewa na Wasukuma wa zamani. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kutoonana. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Jina halitajwi. Mmoja hali mbele ya macho ya mwenzake. Na chumba cha kulala cha mama mkwe, hicho hata kukifikiria ni utovu wa adabu. Siku ng'ombe wa mahari walipoletwa Segese, Klara alikaa jikoni amejifunika khanga usoni, na kitu alichokiona cha mkwe wake, kupitia uwazi wa mlango, ni visigino. "Ni kijana mwenye visigino safi," aliwaambia majirani aliporudi, nao wakaridhika. Harusi yenyewe hakwenda, wala hakuwahi kusikia sauti yake.

Hila yote ilikuwa ya Limi. Aliposikia habari za ukuta alimwambia mumewe aende. Mihayo akasema afadhali aingie shimo la mgodi lisilo na nguzo. "Nitamdanganyaje mama mkwe?" aliuliza. "Usimdanganye," alisema Limi. "Akikuuliza, jibu. Asipouliza, piga lipu." Mihayo alikuwa mtu wa kumsikiliza mkewe, tabia ambayo Klara aliisifu kwa wanaume wote isipokuwa marehemu wake, ambaye hakuwa nayo.

Kazi ikaanza kwa kubandua saruji yote iliyosalia.

"Yote?" Klara aliuliza. "Hata hii inayong'aa?"

"Hiyo ndiyo inayouua ukuta, mayu. Udongo unataka kupumua."

Klara akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba asione. Saruji ilipokwisha, Mihayo alilishikiza paa kwa magogo, akatoa matofali mabovu, akaingiza mapya, akauacha ukuta ukauke. Tope akalitengeneza mapema: udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, vyote vikakandwa kwa miguu na kufunikwa magunia mabichi vivunde. Harufu yake ilifika stesheni. Jirani mmoja akapita amefumba pua, akasema la kuvunda halina ubani. Klara akamjibu kwamba hata yeye anavunda na hakuna aliyemfunika gunia.

Siku ya kwanza ya kufanya kazi ndani, fundi alisimama kizingitini mwa chumba, hakuingia.

"Mayu, labda kitanda kitolewe kwanza."

"Kitanda kinang'ata?"

"Hapana, mayu. Vumbi."

"Mimi na vumbi ni wa siku nyingi. Shika kule, mimi nishike huku, tukisogeze."

Basi Mihayo akakishika kitanda cha mama mkwe wake, macho yakiwa darini, jasho likimtiririka kabla hajanyanyua kitu. Klara aliona ni fundi mwenye haya kupita kiasi, akamhurumia. Mchana akampelekea ugali na mlenda. Fundi akashukuru, akabeba sahani, akaenda nayo nyuma ya choo kula peke yake, uso ukielekea reli. Klara hakulala vizuri. Alijiuliza kama chakula chake kinanuka. Kesho yake akamfuata na kigoda, akaketi mbele yake.

"Kula nikuone," alisema. "Mtu anayekimbia na chakula changu ananitia aibu kwa majirani."

Sijui kama umewahi kumwona mwanaume akimeza ugali bila kutafuna. Mihayo aliumeza hivyo, tonge juu ya tonge, huku mama mkwe wake akimsimulia jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma mpaka panya wakahama. Kila aliposita alisukumiwa bakuli la mlenda karibu. Alipomaliza alishukuru, "Wabeja, mayu," kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Klara akampenda. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alipenda jinsi alivyolowanisha ukuta kwanza kabla ya kutia tope, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Alipenda kwamba akikosolewa hakununa. Tabaka la kwanza alilikwaruza kwa vijiti ili la pili lipate pa kushika, na Klara alipomwambia mikwaruzo imepinda aliicheka, akasema ukuta hauchagui. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa akicheka katika nyumba ile mbali na yeye mwenyewe.

Siku moja fundi aliinama kuchota tope, shati likavutika mgongoni, na Klara aliyekuwa nyuma yake akaona kiraka. Kilishonwa kwa uzi mweupe, na katika kila pembe mshono ulirudi mara mbili ukafanya alama kama mguu wa kuku. Kushona alifundishwa na masista, lakini ule mguu wa kuku aliubuni mwenyewe kwa sababu nguo za kibarua wa reli hufumukia pembeni. Alimfundisha mtu mmoja tu duniani.

Alitembea mpaka jikoni, akaketi, akajifunika khanga uso mzima, ingawa hapakuwa na mtu. Kwanza aliona aibu, nayo ilimshika kuanzia shingoni mpaka miguuni. Alikumbuka kitanda. Alikumbuka panya na mkoromo. Alikumbuka kwamba juzi alimwambia ana masikio kama mlango wa posta. Kisha akakasirika, akamtukana Limi kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Halafu, bila kutaka, akacheka mpaka akaumwa mbavu, akauma khanga ili asisikike.

Kicheko kilipokwisha akatafakari. Akitamka neno, Mihayo ataondoka saa ile ile bila hata kunawa mikono, kama adabu inavyotaka, na nyuma yake patabaki magogo na ukuta nusu. Mvua iko jirani. Fundi mwingine hayupo. Baada ya hapo ni lori la Donatus na chumba cha mahindi. Lakini kama angekuwa mkweli, na jikoni mle peke yake alikuwa mkweli, alijua hilo halikuwa lote. Alikuwa pia hataki aondoke.

Akajifunua, akarudi ukutani. Safari hii alimtazama vizuri, uso kwa uso. Alikuwa na pengo dogo mbele na kovu la chokaa kidevuni, na macho mapole. Kwa hiyo huyu ndiye, alijiambia. Huyu ndiye anayelala na mwanangu na kula chakula chake.

"Fundi, una mke?"

Mwiko ulisimama kidogo. "Ninaye, mayu."

"Anakutunza?"

"Sana."

"Mgomvi?"

Mihayo alifikiri. Alikuwa ameagizwa asiseme uongo. "Kidogo, mayu."

"Kidogo namna gani?"

"Akinunua chumvi, huirudisha."

Klara alikohoa, akajifanya anaokota majani. "Ugonjwa huo kautoa wapi?"

"Wanasema ni wa upande wa mama yake."

"Mama yake basi ni mwanamke mwenye akili. Na mtoto je?"

"Yupo wa kike. Anaanza kukaa. Akikaa anaanguka upande mmoja, kama gunia."

Kila siku baada ya hapo alimuuliza habari za mkewe, na kila siku alipata kitu kidogo cha kwenda nacho kulala: kwamba Limi anaimba akitwanga, kwamba alikuwa na homa lakini imepita, kwamba akiota usingizini huongea na mtu anayemwita mama. Hilo la mwisho Mihayo alilitamka huku amegeukia ukuta, na Klara alitoka nje akakaa sana kisimani.

Hivyo kazi ikaenda mpaka ndani kukamilika na nje kubaki nusu ya chini, ile inayorushiwa maji ya matone. Asubuhi ya siku ile mbingu zilikuwa zimetanda weusi wa masufuria. Mihayo alikuwa amepiga magoti, anatia tabaka la mwisho kwa haraka, tope lote limeshachanganywa na haliwezi kungoja. Klara alikuwa akimsogezea maji. Lori likasimama barabarani, na akashuka Donatus katika koti lake la harusi na mazishi, akazunguka nyumba akiita hodi.

Donatus ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari. Alikaa na Mihayo mkeka mmoja kutwa nzima wakibishana juu ya dume lenye pembe iliyovunjika. Hakuhitaji kuangalia mara mbili.

"Mihayo?" alisema.

Mwiko ukaanguka. Mihayo alisimama, akageukia ukuta, uso karibu uguse tope bichi, mikono imening'inia. Ndivyo mkwe anavyotakiwa kusimama, lakini kwa mtu mrefu aliyejaa udongo mpaka nywele ilikuwa huzuni kumtazama.

"Unafanya nini kwa mama mkwe wako?" Donatus aliuliza kwa sauti ya chini, na ilikuwa afadhali angepiga kelele. "Huu si ukuta wa chumba chake?"

Mihayo alitikisa kichwa kukubali, bado ameelekea ukuta.

"Na ndani?"

"Ndani alimaliza juzi," alisema Klara.

Donatus akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, naomba aeleweke. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba adabu ndiyo nguzo ya watu, na ukichomoa moja paa linashuka. "Klara, umedanganywa," alisema. "Huyu ni mume wa Limi. Kijana, chukua vyombo vyako uende. Faini yako tutaizungumza na baba yako. Dada, funga mizigo, lori linarudi leo."

Ngurumo ikapita juu ya mji. Mihayo akaanza kuokota vyombo, bado hajageuka, akipapasa chini kama kipofu. Klara alitazama nusu ya ukuta iliyo wazi, matofali ya mumewe yakionekana moja moja. Alitazama ule mgongo wenye kiraka.

"Sikudanganywa," alisema. "Nilimjua. Nilimjua tangu lipu haijafika dirishani, nikamtazama usoni makusudi, nikampa chakula, nikamwangalia akila. Kosa ni langu, kaka. Faini andika yangu. Mbuzi, dume, utakavyo."

"Umemtazama ukijua?"

"Nikijua."

Donatus akarudi nyuma hatua mbili, jambo ambalo watu wa Segese hawakuliamini waliposimuliwa.

"Kaka, sikiliza," Klara akaendelea, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika, naye alichukia sauti yake ikikatika. "Mimi nina mtoto mmoja. Mtu anayemlisha mtoto wangu nimejua visigino vyake tu. Nikifa, huyu ndiye atakayeshika jembe kunichimbia, na hapo ndipo adabu itamruhusu anikaribie, nikiwa nimefungwa sanda. Mimi nataka anione sasa, nikiwa bado naweza kumgombeza. Heshima yake nimeiona. Iko ukutani hapo, iguse."

Kisha hakungoja jibu. Alifunga khanga kiunoni, akapiga magoti penye tope, bega lake bovu na yote, akachota kwa mikono miwili kama mama yake alivyokuwa akichota, akalibandika ukutani pembeni mwa mkwe wake. Akasawazisha kwa kiganja. Akachota tena. Tone la kwanza la mvua likatua kwenye vumbi, zito, kisha jingine.

Mihayo alibaki ameinama, mwiko mkononi, hajui aende au akae. Donatus alimwangalia dada yake akihangaika na bega lile. Aliliangalia lori, akaliangalia wingu. Alinung'unika kwamba watakuwa mbuzi wawili, mmoja wa kila mkosaji, na kwamba yeye hataki kusikia hadithi hii ikisimuliwa Segese. Akavua koti la harusi na mazishi, akalitundika mlangoni, akakunja suruali, akachukua gunia la kuzuia matone juu ya ukuta. Akasema dada yake anabandika nene mno.

"Wewe umekandika nyumba ngapi?" Klara alimuuliza.

Akaendelea kuchota. Hakumwambia mkwe wake kitu, wala hakumtazama, maana sasa ilikuwa zamu ya Mihayo kuchagua. Mihayo akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni, akamwambia tope limeanza kukauka, aongeze maji kidogo.